Wasichana waliokua pamoja tangu chekechea, wakiingia sekondari kila mmoja anarudi kwa kabila lake. Shida iko wapi?

#1 MamaWawili_Nakuru
Wanajamvi hamjambo.

Binti yangu na jirani yetu wa mlango wa pili wamesoma pamoja tangu chekechea mpaka Gredi ya 9. Makabila yao ni tofauti, na siyataji kwa sababu nawajua nyinyi. Walisukana nywele, wakavaliana masweta, na mmoja akichapwa mwingine analia. Januari hii wakaitwa Gredi ya 10, mwanzo wa sekondari ya juu, shule tofauti, zote za bweni. Wiki hii wako nyumbani kwa mapumziko ya katikati ya muhula. Wamekutana langoni wakasalimiana kama watu waliosimama foleni moja benki.

Kutengana naelewa, shule ni mbili. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba wangu amenitajia marafiki wapya na majina yote ni ya upande wetu, na shule yake ina watoto wa kila pembe ya Kenya. Nikamuuliza mama mwenzangu, akacheka akasema wake vilevile, majina yote ya kwao. Hakuna aliyewafunza haya nyumbani. Kaka yake alipita bweni na sikuona kitu kama hiki.

Ni wasichana tu? Ni shule? Au ni sisi wazazi hatujioni?

#2 Chozi_la_Kobe
Umeanzisha uzi wa makabila halafu makabila huyataji. Taja tukusaidie.

#3 MamaWawili_Nakuru
Nikitaja, kabla ya ukurasa wa pili mtakuwa mnahesabu kura za 2027. Sitaji.

#4 Mzee_wa_Tandika
Poleni sana majirani. Huku kwetu hilo Mwalimu Nyerere alilimaliza zamani. Shule za misheni zilichukuliwa na serikali, mtoto wa Bukoba akapangiwa Songea, wa Mtwara akapangiwa Moshi, wa Moshi akapelekwa Tabora. Ukichanganya watu hivyo miaka minne, wote Kiswahili, kabila linabaki la kutaniana tu. Nyie mlikosa hiyo dawa.

#5 Binti_Newala
Mzee wa Tandika, mimi ndiye huyo wa Mtwara aliyepangiwa Moshi, miaka ya 80. Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana watu wanaisifia bila kuipanda ile safari.

Kutoka Newala unateremka kwa lori hadi Masasi, unatafuta basi la Dar. Masika barabara inakatika, mnalala njiani. Rufiji tulivuka kwa kivuko pale Ndundu, Daraja la Mkapa lilikuja 2003 sisi tumeshakuwa na watoto. Dar unapanga foleni ya waranti, hati ya serikali ya kusafiria, ndipo unaanza safari ya Moshi. Kwa hiyo likizo fupi hakuna kwenda nyumbani. Wenyeji wanafunga virago, sisi wa Kusini na wa Kigoma tunabaki na matroni.

Rafiki yangu wa kufa na kuzikana ni Mrombo, Mchaga wa Rombo. Alinichukua kwao likizo ya kwanza kwa sababu aliona aibu kuniacha bwenini peke yangu. Mama yake akaninunulia viatu, na mpaka leo namwita mama. Sasa mniambie, ni siasa ya Mwalimu iliyotuunganisha au ni ubovu wa barabara ya Kusini? Wale waliokuwa na kwao karibu walikuwa na vikundi vyao, na lugha yao waliongea, matroni akipita wanahamia Kiswahili.

#6 Mpare_Asiyedaiwa
Mchaga amekukaribisha likizo nzima, akakununulia na viatu, bila kuandika deni popote? Dada, kagua vizuri, kuna mahali uliweka sahihi.

#7 Kibosho_Juu
#6 Bora huyo. Kwa Mpare angemaliza likizo yuko mahakamani kwa kesi ya kumaliza chumvi.

#8 Mwl_Mstaafu_Kakamega
Utani mzuri, lakini turudi kwa mama wa Nakuru.

Nimefundisha shule za wasichana mpaka nikastaafu. Watu wanasahau Kenya tuliamua kwa sera watoto wasichanganyike. Tangu miaka ya 1980 shule za mkoa ziliambiwa asilimia 85 ya wanafunzi watoke eneo lenyewe. Shule za taifa, zile zilizochukua watoto wa kila wilaya, zilikuwa 18 tu nchi nzima, wavulana na wasichana. Zimepandishwa nyingine baada ya 2011 zikapita 100, lakini kwa muda wote huo kizazi kizima kilisoma na watoto wa kwao, kikafundishwa na walimu wa kwao, kikaenda chuo ndipo kikakutana na Mkenya mwingine kwa mara ya kwanza. Huwezi kushangaa mabinti wa watu hao wakitafutana.

#9 MamaWawili_Nakuru
Asante Mwalimu. Lakini shule ya binti yangu imechanganyika, ndiyo maana nikaichagua. Na sisi Nakuru tumechanganyika tangu hapo. Hawa walikuwa pamoja zaidi ya miaka tisa bila shida.

#10 Mwl_Mstaafu_Kakamega
Zaidi ya miaka tisa pamoja wakiwa na mama zao nje ya lango. Bweni ni jambo jingine.

#11 Naibu_wa_Zamu
Nawasalimu. Mimi nimesimamia mabweni ya wasichana kwa miaka na nina maelezo ambayo hayana uhusiano na siasa wala sera. Ni namba ya usajili.

Siku ya kuripoti, namba anapewa anayefika. Wa karibu wanafika asubuhi na wazazi wao, masanduku yakiwa kwenye buti ya gari la mjomba. Wa mbali wanashuka basi jioni, wengine kesho yake. Waliotoka mji mmoja wamepanda basi moja, wamesimama foleni pamoja, wanapata namba zinazofuatana. Matroni anajaza vitanda kwa kufuata namba. Kyubu ya kwanza, yaani kijichumba ndani ya bweni, inajaa, anahamia ya pili. Saa nne usiku bweni limeshagawanyika kwa eneo, maana yake kwa kabila, na hakuna binadamu aliyekusudia.

Halafu kila kitu kinafuata kyubu. Meza ya bwalo inafuata kyubu, zamu ya kudeki inafuata kyubu, maji ya kuoga mnachotea pamoja. Kufikia Februari hao ndio watu wanaojua kama unaota ukilia. Msichana hachagui rafiki, anapangiwa jirani.

Mwaka mmoja tuliamua kuchanganya kwa kupiga kura, majina kwenye boksi. Wiki ya pili wazazi wakaja. Mmoja alisema waziwazi mtoto wake hawezi kulala chumba kimoja na watu wa upande fulani, wengine walikuja na sababu za kupakwa rangi, eti pumu, eti baridi ya dirishani. Mkuu wa shule wakati huo alichoka akarudisha vitanda kama zamani.

#12 Chozi_la_Kobe
#11 hii ndiyo hoja ya kwanza yenye miguu humu. Pumu ya kikabila.

#13 Teacher_Purity
Naibu nakupinga kwa heshima. Shule yangu vyumba hupangwa kabla ya siku ya kuripoti, kutoka orodha ya wizara, tunachanganya kwa makusudi. Wanalala wamechanganyika, wanakula wamechanganyika. Njoo Jumapili alasiri, saa ambayo hakuna kengele. Utawakuta kwenye nyasi wamejirudisha wenyewe, kundi hili chini ya mti ule, lile karibu na kamba za nguo. Kama ingekuwa kitanda tu, wasingehama.

#14 Naibu_wa_Zamu
Mwalimu Purity, shule yako inakomea wapi kuchanganya? Mama wa shule, yule dada mkubwa anayemlea mgeni, anachaguliwaje? Kama Grade 10 anaachwa atafutwe na dada mkubwa mwenyewe, dada mkubwa atamchukua anayetoka kwao. Hapo umechanganya vitanda ukasahau wakubwa.

#15 MsimamiziJamvi
Wadau, uzi mzuri. Nimefuta michango mitatu iliyotaja makabila kwa matusi. Wa nne atapumzishwa.

#16 Fomu3_Niko_Home
Hi wakubwa. Mimi niko Form 3, sisi ndio wa mwisho wa 8-4-4, ule mfumo wa zamani, niko half term pia. Mnaongea juu yetu kana kwamba hatuna simu.

Hiyo ya mama wa shule ni kweli na mwaka huu imekuwa mbaya zaidi. Shule haina Form 2 wala Form 1. Kuna sisi, kuna Form 4, halafu kuna Grade 10. Sisi hatukuwa na mono, yaani mgeni wa kidato cha chini, kwa mwaka mzima, so walipokuja kila mtu alitaka wake. Matroni hakupanga. Watu waliangalia shule ya primo ama jina la pili. Mimi nilichukua wa kwangu kwa sababu alikuwa analia karibu na tenki. Ni wa kabila lingine na wenzangu waliniuliza mbona.

Lakini mkitaka ukweli, chenye kinatugawanya sana si kabila. Ni Sheng. Wa Nairobi na wa mitaa ya Nakuru na Mombasa wanakaa pamoja hata kama ni makabila kumi. Wale wametoka shags, kijijini, wanaogopa kuongea watachekwa, so wanaongea lugha yao kwa sauti ya chini. Mtu akipita anaona kundi la kabila. Ni watu wanaogopa kuchekwa.

#17 Binti_Newala
Mwanangu Fomu3 Mungu akubariki. Huyo wa kwenye tenki usimwache.

#18 Mzee_wa_Tandika
Mnaona? Lugha! Nimesema tangu mwanzo. Huku msingi tunasoma kwa Kiswahili wote, hakuna wa kuchekwa.

#19 Kajunjumele
Mzee wa Tandika unaongelea Tanzania ya miaka ipi? Tangu shule za kata zilipojengwa, kuanzia 2006 hivi, watoto wengi wanasoma kidato cha kwanza hadi cha nne kwenye kata yao, wanatembea kwa miguu kwenda na kurudi. Wa Kyela anasoma na wa Kyela. Kupangiwa mkoa wa mbali kumebaki kwa waliofaulu sana wanaokwenda shule teule kama Kilakala, Msalato, Tabora, au mpaka kidato cha tano. Ile dawa unayoisifia kwa wengi ilishakwisha dukani. Na kuchekwa kupo, wakifika kidato cha kwanza masomo yanageuka Kiingereza, waliotoka shule za kulipia wanakaa na waliotoka shule za kulipia. Binti yangu aliniletea malalamiko hayo hayo ya mama wa Nakuru, tofauti ni kwamba badala ya kabila aliniambia "wale wa English Medium".

#20 Mzee_wa_Tandika
Hata hivyo hatuulizani kabila.

#21 Kajunjumele
Tunaulizana dini. Umesahau kuhesabu hiyo.

#22 Msomi_wa_Kona
Ngoja nilete kitu cha maandishi. Mchumi Edward Miguel alichapisha mwaka 2004 ulinganisho wa Busia ya Kenya na Meatu, Shinyanga, Tanzania. Pande mbili zilizofanana kwa mengi, ila Kenya na Tanzania zilijenga taifa kwa njia tofauti. Busia, mahali palipochanganyika makabila, watu walichangia shule kidogo kuliko mahali pa kabila moja. Meatu mchanganyiko haukupunguza kitu. Mzee wa Tandika ana hoja.

#23 Kajunjumele
Meatu iko Simiyu.

#24 Msomi_wa_Kona
Simiyu ilizaliwa 2012. Utafiti ulipofanywa ilikuwa Shinyanga.

#25 Teacher_Purity
Na ulihusu michango ya shule na visima vya maji vya wanakijiji. Haukuhusu wasichana wa miaka 15 wanaoamua nani aketi naye. Mtu anaweza kuchangia dawati la jirani na bado asimruhusu binti yake kulala kwao.

#26 Msomi_wa_Kona
Basi chukua Gordon Allport, 1954. Alisema watu wa makundi tofauti wakikutanishwa chuki hupungua pakiwa na mambo manne: hadhi sawa, lengo moja, kushirikiana badala ya kushindana, na wakubwa wanaounga mkono. Kuwaweka tu chini ya paa moja hakutoshi. Hebu pima bweni kwa hayo manne.

#27 Naibu_wa_Zamu
Hadhi sawa: wapo wenye masanduku mawili ya vitu na wapo waliokuja na sabuni ya kipande. Kushindana: kila mtihani matokeo yanabandikwa ukutani, wa kwanza mpaka wa mwisho. Wakubwa kuunga mkono: nimewaeleza habari ya pumu. Lengo moja labda ni kuondoka.

#28 Nyar_Migori
Nimesoma kimya tangu jana. Niseme langu kwa sababu nyote mnaongelea yaliyotokea shuleni.

Mimi ni Mjaluo, nimekulia mpakani na Wakuria, Migori. Rafiki yangu wa darasa la kwanza hadi la nane alikuwa Mkuria. Tulikuwa tunakalia dawati moja na kitabu cha hesabu ni kimoja. Desemba ile baada ya KCPE, mtihani wa darasa la nane, ulikuwa msimu wa kukeketa wasichana. Sikumwona wiki nyingi. Tuliporipoti Form One shule moja, alikuwa mtu mwingine. Alikuwa ameambiwa mimi ni mtoto na yeye ni mwanamke, na mwanamke haongei siri na mtoto. Bwenini Wakuria waliopita msimu walikuwa kundi lao, na msichana Mkuria ambaye wazazi wake walikataa alikuja kukaa na sisi Wajaluo. Kwa hiyo kilichonitenga na rafiki yangu kilimtenga pia na mtu wa kabila lake mwenyewe.

Sheria mahususi ya kupiga marufuku ukeketaji ilikuja 2011, sisi tulikuwa tumeshamaliza. Hatujawahi kuliongea. Tukikutana sokoni tunaulizana watoto.

Usinielewe vibaya mama wa Nakuru, lako si hili. Nasema tu kuna mambo huwapata wasichana katikati ya msingi na sekondari, likizo ile ndefu, na mwalimu anayehesabu vitanda hawezi kuyaona.

#29 Naibu_wa_Zamu
Nimekusoma, dada. Hilo sikuwa nalo kichwani.

#30 Baba_Wambui_na_Chebet
Nyar Migori pole. Likizo ile ndefu, umesema kweli. Nyumbani kwangu ni ndoa ya makabila mawili kama jina langu linavyoonyesha, na nimeona kitu kimoja. Msichana akiwa na miaka tisa, rafiki wa kabila lolote ni mtoto wa jirani. Akifika kumi na nne, shangazi wanaanza maneno. Hawasemi usicheze naye. Wanasema "huyo rafiki yako ana kaka?" Wanacheka. Mtoto anaelewa. Kwa mvulana hakuna anayeuliza, kwa sababu yeye ataleta mtu nyumbani. Msichana ndiye anayehofiwa atachukuliwa. Mama wa Nakuru aliuliza kwa nini kaka yake hakubadilika, mimi naona jibu liko hapo.

#31 MamaWawili_Nakuru
Baba Wambui umenigusa pabaya. Shangazi mmoja alilala kwetu Desemba nzima.

#32 Chozi_la_Kobe
Uchunguzi umekamilika. Mtuhumiwa ni shangazi.

#33 Teacher_Purity
Msikimbilie shangazi. Binti zangu hawajui lugha yoyote ya nyumbani, wamezaliwa Nairobi, shangazi yao anaishi Kanada. Mkubwa aliingia sekondari akawekwa kundi kwa jina la pili tu. Wenzake walimsemesha lugha asiyoijua, akajibu Kiingereza, wakamwita mwenye maringo. Wa upande mwingine nao wakamwita wa wale. Akabaki katikati, marafiki zake wakawa Msomali mmoja na Mhindi mmoja, watatu wasio na pa kwenda. Mpaka leo ni hao hao.

#34 Kijana_wa_Eldoret
Mimi mwanaume, ila nina dada. 2008 alikuwa anaingia Form One. Rafiki yake kipenzi walikuwa wamechaguliwa shule moja, wameshapanga kulala kitanda cha juu na chini. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 mnajua yaliyotokea kwetu, nchi nzima zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Familia ya rafiki ilihama na lori usiku, akaenda kusoma kwa babu yake mahali hajawahi kuishi. Wengi walihamishiwa shule za "nyumbani" mwaka ule, wakaripoti katikati ya muhula. Dada yangu alilala juu, chini akalala mtu mwingine. Alimaliza miaka minne na hakutafuta rafiki wa kabila lingine tena. Nikimuuliza anasema hakuamua hivyo, ila alichoka kuuliza watu wamekwenda wapi.

Watoto hawa wa Gredi ya 10 wamezaliwa baada ya hapo, lakini mama zao walikuwa mabinti kipindi kile. Anayefunga sanduku la shule ni mama.

#35 MamaWawili_Nakuru
Mimi nilikuwa Nakuru 2008. Sikusema.

#36 Mwl_Mstaafu_Kakamega
Na wote hapa Nakuru, Eldoret, Burnt Forest, Molo mna hilo. Shule hazikuwahi kulizungumza. Tuliletewa tume ya uwiano na utangamano, tukapewa mabango ya amani tukayabandika ukumbini, tukaendelea na hesabu.

#37 Ngara_Mpakani
Niko Ngara, Kagera, jirani na Rwanda. Mnasema wasichana na wavulana wa umri huo hufuata kabila tu. Machi 18, 1997 wauaji waliingia sekondari ya Nyange, magharibi ya Rwanda, wakati wanafunzi wanajisomea usiku. Wakawaambia wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wakakataa, wakajibu wao ni Wanyarwanda. Walipigwa risasi na mabomu, sita wakafa. Leo wamo kwenye mashujaa wa taifa, daraja la Imena. Miaka mitatu tu baada ya mauaji ya kimbari, watoto waliokuwa wamepoteza wazazi na watoto ambao pengine wazazi wao walikuwa magerezani. Nani aliwafunza?

#38 Msomi_wa_Kona
Shule ya bweni, ya mchanganyiko. Inarudi kwa hoja ya Binti Newala: kukaa pamoja muda mrefu mbali na nyumbani.

#39 Teacher_Purity
Au ni kinyume. Walikuwa wameona mwisho wa kujitenga kwa macho yao. Sidhani kama kyubu ndiyo iliyowafunza.

#40 Bi_Zuhura_Kibokoni
Waungwana nami niingie, nawasikiliza wa bara muda. Huku Mombasa kwetu nilisoma na Mgiriama mmoja, Mkristo, rafiki yangu wa roho, tukiingia Form One tukapangwa darasa moja. Hakuna aliyetukataza. Kilichotutenga ni ratiba. Ijumaa mimi naelekea msikitini, Jumamosi na Jumapili madrasa, jioni za Ramadhani niko nyumbani. Yeye Jumatano ana kikundi chao cha maombi, Jumapili kanisa, likizo kambi ya vijana. Tulipokuwa shule ya msingi kulikuwa na mchana mrefu usio na kazi. Sekondari huo mchana ukachukuliwa na watu wa dini, kwake na kwangu. Hatukugombana. Tulikosa saa.

#41 Fomu3_Niko_Home
Bi Zuhura hiyo ni noma na ni kweli. CU na YCS, vikundi vya Kikristo vya shule, kwetu ndio kusema. Rafiki zangu wa karibu wote ni wa kwaya. Na kwaya inaimba kila weekend nyimbo za lugha za watu, Kikamba, Kiluhya, Kimaasai, tunakariri maneno bila kujua maana ili tushinde tamasha la muziki. Halafu tukimaliza kuimba Kikamba, Wakamba wenyewe wanatucheka matamshi.

#42 Kibosho_Juu
Angalau mnaimba. Mpare akifundishwa wimbo anauliza risiti.

#43 Mpare_Asiyedaiwa
Na Mchaga anauliza kiingilio.

#44 Mlipa_Karo
Wote mmezunguka mbuyu. Ni pesa. Chukua mabinti wawili wa #1. Mmoja akiitwa shule ya C1, daraja la juu, zile za taifa za zamani, na mwingine C4, daraja la mwisho, ya karibu na nyumbani, ndani ya muhula mmoja wanaongea habari tofauti, wanavaa viatu tofauti, mmoja amesikia kuhusu vyuo vya nje mwingine hana mwalimu wa fizikia. Hata wangekuwa mapacha. Sisi tunaona kabila kwa sababu ndicho kitu tunachokijua kuona.

#45 MamaWawili_Nakuru
Zote mbili ni C2, karo ni ile ile.

#46 Mlipa_Karo
Pesa ya matumizi je?

#47 MamaWawili_Nakuru
Hiyo sijui ya mwenzake. Wangu nampa kidogo.

#48 Mwl_Mstaafu_Kakamega
Niongeze jambo kuhusu mfumo huu mpya, maana halijasemwa. Zamani walitengana wakitoka darasa la nane. Sasa sekondari ya chini iko ndani ya shule za msingi, kwa hiyo wanakaa na watoto wadogo mpaka Gredi ya 9, wanaondoka wakubwa zaidi, urafiki umeshika mizizi, halafu siku moja wanachagua mkondo: sayansi, sayansi ya jamii, sanaa na michezo. Shule inafuata mkondo. Hata marafiki wa kabila moja wanatenganishwa hapo. Tungoje tuone, hawa ndio wa kwanza.

#49 Naibu_wa_Zamu
Mama wa Nakuru, ukitaka kujaribu kitu, mpigie mwalimu wa darasa uulize namba ya usajili ya mtoto na za wale marafiki wapya aliowataja. Zikifuatana, usimlaumu shangazi.

#50 MamaWawili_Nakuru
Nimemuuliza mwenyewe sasa hivi. Watatu zinafuatana. Wa nne yuko bweni lingine kabisa, na huyo ndiye anayempenda zaidi.

#51 Teacher_Purity
Ahaa.

#52 Naibu_wa_Zamu
Watatu kati ya wanne si haba.

#53 Baba_Wambui_na_Chebet
Na huyo wa nne, ana kaka?

#54 Mzee_wa_Tandika
😂 Swali kwa walimu: na wavulana je? Tumewaacha.

#55 Naibu_wa_Zamu
Wanagawanyika vilevile, ila wana mpira. Mchezaji mzuri hana kabila kuanzia Jumatano mpaka Jumamosi.

#56 Kijana_wa_Eldoret
Mpira upi? Shuleni kwetu timu nzima ilitoka tarafa moja na kocha alikuwa binamu yao. Mimi nilikuwa nabeba maji.